Kopo la kupunguza unene: lipigie hesabu kabla ya kulilipia

“Kilo 10 kwa siku 7. Bila mazoezi, bila kuacha ugali.” Tangazo la namna hii umeliona kwenye status ya WhatsApp, au limebandikwa kwenye nguzo ya umeme pamoja na namba ya simu. Kabla hujatuma pesa, chukua kalamu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi nishati ya takribani kilokalori 7,700. Kilo 10 ni kilokalori 77,000, na ukizigawa kwa siku 7 unapata 11,000 kila siku. Watu wazima wengi hutumia kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku. Yaani hata mtu angefunga wiki nzima usiku na mchana, bila futari wala daku, asingefika hata robo ya ahadi hiyo. Tangazo limeanguka kabla hatujauliza ndani ya kopo kuna nini.

Mbona basi mzani hushuka?

Wanaosema wamepungua kilo 3 kwa siku chache mara nyingi hawadanganyi. Wamepoteza maji, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chai nyingi za kukata kitambi zina sanamaki, majani yanayojulikana tangu zamani kwa kufungua choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Huko chakula hufika baada ya sehemu kubwa ya nguvu yake kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachokimwaga chooni ni maji na chumvichumvi, na uzito hurudi pale unapokunywa na kula kama kawaida. Ukiendelea kwa wiki nyingi, potasiamu inaweza kushuka, misuli ikalegea na mapigo ya moyo yakavurugika. Ama zile “sumu” ambazo chai hudai kuzitoa, ini na figo hufanya kazi hiyo kila siku bila malipo.

Picha za “kabla” na “baada” nazo zisikuyumbishe. Aliyetumia kopo asione mabadiliko hamtumii muuzaji picha, na aliyepungua huenda alipunguza na chakula. Ndiyo maana watafiti huwagawa watu kwa kura. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kidonge kitupu kinachofanana nayo, na hakuna anayejua kapata kipi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la namna hiyo la garsinia, tunda ambalo dondoo lake limejaa kwenye vidonge vya kupunguza mwili. Watu 135 walifuatiliwa kwa wiki 12, wote wakiwa wamepunguziwa chakula. Waliopewa garsinia walipungua wastani wa kilo 3.2, na waliopewa kidonge kitupu kilo 4.1. Kitaalamu tofauti hiyo haikuwa na uzito wowote. Kilichowapunguza kilikuwa sahani.

Kinachofanya kazi mno

Kopo lisilofanya chochote hula pesa yako tu. La kuogopa zaidi ni lile linalokata njaa tangu siku ya kwanza. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula, ikitolewa kwa cheti cha daktari. Ilipojaribiwa kwa watu karibu 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari, madhara makubwa ya moyo na mishipa, yakiwemo mshtuko wa moyo na kiharusi, yaliwapata asilimia 11.4 ya walioimeza. Kwa waliomeza kidonge kitupu ilikuwa asilimia 10. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani.

Haikupotea, ilihamia kwenye makopo yaliyoandikwa “asilia”. Uchunguzi wa maonyo yaliyotolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani kati ya 2007 na 2016 ulikuta virutubisho 776 vilivyofichwa dawa ndani. Vya kupunguza uzito vilikuwa 317, na kati ya hivyo 269 vilikuwa na sibutramini. Vingine vilikuwa na fenolifthaleini, ile ile ambayo wanafunzi huidondosha maabara ya kemia ikageuka waridi. Zamani iliuzwa kama dawa ya kufungua choo, ikaachwa kwa hofu ya saratani.

Hata kisichochanganywa kitu kinaweza kudhuru. Kikombe cha chai ya kijani si sawa na kidonge chenye dondoo la vikombe vingi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu, EGCG, katika virutubisho huhusishwa na dalili za kuumia ini.

Lebo isomwe hivi

Tafuta jina la kila kiambato na kiasi chake kwa miligramu. “Mchanganyiko maalumu wa mitishamba” si jibu. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda. Kisha tafuta madhara. Orlistati, dawa inayotambulika, husema wazi kwamba huzuia sehemu ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, na kwamba ukila vya kukaanga utapata choo cha mafuta usichoweza kukizuia. Kopo linaloahidi makubwa na kudai halina madhara yoyote limekuficha jambo.

Namba ya usajili isiaminiwe kwa sababu tu imechapishwa. Ihakikishe kwa mamlaka ya dawa, TMDA, ukiwa Tanzania, au kwa Bodi ya Dawa na Sumu ukiwa Kenya, au mwombe mfamasia akuangalizie. Muuzaji akikuonyesha cheti cha usajili wa kampuni, hicho ni cha biashara yake, hakisemi lolote kuhusu kidonge. Na kama una presha, kisukari, mimba, unanyonyesha au unameza dawa nyingine, zungumza na daktari kwanza.

Ikiwa umeshaanza kutumia, kisha moyo ukaenda mbio, usingizi ukakukimbia, macho yakawa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha mara moja uende hospitali. Ukiumwa kifua, ukiishiwa pumzi au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda kama dharura. Usione haya kumwambia daktari ulichokuwa ukinywa. Nenda na kopo lenyewe, kwa kuwa vidonge vilivyobaki vinaweza kupimwa maabara, na huko ndiko kitakakojulikana kile ambacho lebo haikusema.