Klachi ya Lori na Mguu wa Dereva

Malori mawili ya namna moja yaweza kununuliwa siku moja na kupewa kazi moja ya kupeleka mikate na soda madukani. Baada ya miaka michache, moja limekwisha kubadilishwa klachi mara mbili, na la pili lingali na ile liliyotoka nayo kiwandani. Mwenye malori aghalabu humlaumu fundi, au husema ya kuwa vipuri vya siku hizi ni hafifu. Huenda ikawa kweli. Lakini mara nyingi sababu imo katika mguu wa kushoto wa dereva.

Yafaa kwanza kueleza klachi ni kitu gani. Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma lizungukalo pamoja na injini daima. Karibu nalo pana sahani ya duara, iliyovikwa pande zote mbili kitu kigumu chenye kukwaruza, na sahani hiyo ndiyo ipelekayo mzunguko kwenye gia. Kisha pana bamba lenye springi ya nguvu, liibanalo sahani ishikamane na gurudumu la injini. Dereva akanyagapo pedali, bamba hulegea, sahani huwa huru, na injini huzunguka peke yake. Aachiapo, sahani hubanwa tena, na nguvu za injini hufika magurudumuni.

Sahani iliyobanwa sawasawa hailiki, hata lori likienda kutoka Mombasa mpaka Malaba, kwa maana sahani na gurudumu la injini huzunguka kwa mwendo mmoja. Hulika katika kile kitambo kidogo cha katikati, wakati gurudumu linakimbia na sahani iko nyuma yake inateleza. Hapo vitu viwili vinasuguana, na joto hutoka. Lori la safari ndefu huondoka mara chache kwa siku. Lakini lori la mikate lisimamalo kwenye maduka 60 katika Nairobi huondoka mara 60, bila kuhesabu foleni za barabarani. Dereva akiiacha sahani iteleze nukta 2 kila mara, jumla yake ni dakika 2 kwa siku. Akiiacha nukta 6, ni dakika 6. Dakika 4 ni kitu kidogo masikioni, lakini klachi huishi kwa dakika hizo.

Kosa moja kubwa ni kuondoka na mzigo kwa gia ya pili ili kuupunguzia mkono kazi. Joto litokalo katika klachi wakati wa kuondoka huongezeka kuliko mwendo wenyewe: ikiwa kwa gia ya pili sahani hushikamana lori likiwa na mwendo mara mbili ya ule wa gia ya kwanza, joto huwa kama mara nne. Lori tupu, mahali tambarare, laweza kuanza kwa gia ya pili kama kitabu chake kinaruhusu. Lililojaa, hapana.

Kosa la pili huonekana vilimani. Katika mpando wa kutoka Mai Mahiu, barabara iliyochongwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, malori yaliyojaa hupanda kwa foleni. Foleni ikisimama, dereva mwingine hukanyaga mafuta kidogo na kuiachia klachi nusu. Lori halirudi nyuma wala haliendi mbele, naye hujiona stadi. Kumbe nguvu zote zitokazo katika injini zinageuka joto juu ya ile sahani. Baada ya muda mfupi harufu ya kuungua huingia ndani. Hapo hapana budi kuvuta breki ya mkono, kutoa gia, na kuiacha klachi ipoe. Wakati wa kuondoka, dereva na aiache breki ya mkono baada ya kusikia injini imeanza kulivuta lori. Klachi ikiungua kabisa mlimani, lori halina injini tena; lashikwa na breki tu, na nyuma yake mna magari ya watu. (Taniboi awekaye jiwe nyuma ya gurudumu afanya vema, mradi alitoe barabarani waondokapo.)

Mguu usipumzishwe juu ya pedali wakati wa kwenda, hata kwa uzito wa kiatu tu, kwa kuwa beringi isukumayo huchakaa na sahani huanza kuteleza. Wala klachi isikanyagwe katika mteremko mrefu kwa kusudi la kuokoa mafuta. Injini nyingi za dizeli za sasa hukata mafuta zenyewe lori linaposhuka likiwa katika gia na mguu umeondoka kwenye mafuta. Kukanyaga klachi huondoa faida hiyo, na kazi yote huachiwa breki.

Dalili ya klachi iliyochoka ni kwamba katika mpando, kwa gia kubwa, sauti ya injini hupanda bali mwendo hauongezeki. Dereva na aseme mapema. Sahani ikilika mpaka kwenye ribiti, ribiti hizo huchubua gurudumu la injini, na gharama huzidi sana. Mwenye lori naye asikilize. Yuko apakiaye tani kupita kiasi, kisha akamkata dereva mshahara kwa ajili ya klachi. Hiyo si haki.

Fundi afunguapo klachi ya lori la zamani asipulize vumbi lake kwa upepo wa pampu, kwa maana sahani za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo huharibu mapafu. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, nacho kitambaa kitupwe kingali kibichi ndani ya mfuko uliofungwa.