Mgema na Sifa Zake

Hadithi, hadithi! Leo simleti sungura wala fisi. Hadithi yangu ni ya kweli, na wahusika ni watoto wa darasa la tano huko Marekani.

Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Kila mtoto alipewa mafumbo ya michoro, na alipomaliza akaambiwa amefanya vizuri. Kisha baadhi wakaongezewa: "Lazima una akili." Wengine wakaambiwa: "Lazima umejitahidi." Ni sentensi hiyo moja tu.

Hapo ukaja mtego. Mafumbo ya pili yalikuwa magumu mno, na wote wakaambiwa wamefanya vibaya. Waliosifiwa akili wakaishiwa hamu, wakadhani wamefeli kwa kukosa akili. Yalipokuja mafumbo ya tatu, ya kiwango kilekile cha kwanza, alama zao zilishuka. Za waliosifiwa juhudi zilipanda. Tena walipoambiwa wawaandikie watoto wa shule nyingine habari za mafumbo hayo na alama zao, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la akili walijiongezea alama!

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema hutia maji kwa kiburi; watoto hawa walitia kwa hofu. Mtu akiaminishwa kwamba kufaulu ni ushahidi kuwa ana akili, kufeli nako kunakuwa ushahidi kuwa hana. Afanyeje, kama si kuficha?

Ninyi wa sekondari mnamjua mtu huyu. Alikuwa wa kwanza shule ya msingi. Amefika kidato cha kwanza, kawakuta wa kwanza wenzake wamejaa darasani. Jaribio la Hisabati linarudi na 28. Wiki chache tu, utamsikia: "Mimi na Hisabati, basi." Hanyooshi tena mkono, asije akachekwa. Akili yake ni ileile ya mwaka jana. Kilichobadilika ni namna anavyojiona, na kwa sababu haulizi tena, jaribio lijalo nalo litamwendea vibaya, naye ataona alisema kweli.

Basi wanangu, karatasi ikirudi, iwe na 85 au 28, msikimbilie kujipa jina. Tafuteni swali mlilokosea, mjue mlipotea hatua gani, kisha nendeni mkamwulize mwalimu.