Mirambo alikuwa nani? Muulize mwanao amesoma wapi

Mtoto wa darasa la saba mjini Tabora amerudi na kazi ya nyumbani: aandike habari za Mtemi Mirambo. Dakika tano na simu ya mama, daftari limejaa. Mirambo, limesema, alikuwa jambazi aliyevamia misafara iliyokwenda Ujiji. Bibi mzaa baba, mzaliwa wa Urambo, akisomewa anaguna. Kwake huyo ni shujaa.

Kabla ya kubishana, mtoto aonyeshe alikoyatoa. Kwenye Wikipedia, kamusi elezo ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, dai zito linatakiwa liwe na kijinamba pembeni. Kikibonyezwa kinakupeleka chini, kwenye jina la kitabu au gazeti. Watoto wengi hawakibonyezi. Wazazi pia, kusema kweli.

Sifa mbaya ya Mirambo mara nyingi inaishia kwa Henry Morton Stanley. Mwandishi huyo wa New York Herald alikuwa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, na Agosti alijiunga na wafanyabiashara Waarabu kumpiga vita Mirambo. Walishindwa vibaya. Kitabu chake cha 1872 basi ni maneno ya mtu aliyekimbizwa vitani, na nani humsifu aliyemkimbiza? Lakini mwaka 1876 walikutana ana kwa ana, wakachanjiana udugu, na katika kitabu cha 1878 Stanley anamwelezea kama mtu muungwana. Shahidi yuleyule!

Tippu Tip naye, ambaye baba yake aliishi Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Ni hazina, ila alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mwenye yake ya kutetea. Ndiyo maana kamusi elezo hupendelea mwanahistoria aliyelinganisha mashahidi wengi, kama Norman Bennett katika kitabu chake juu ya Mirambo cha 1971.

Simulizi ya bibi haipokelewi huko, kwa kuwa haijachapishwa mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kuikagua. Kanuni hiyo inauma Unyamwezini, ambako mengi yaliandikwa na wapita njia. Hata hivyo mwalimu hakuagiza kamusi elezo. Daftari linaweza kusema: Stanley aliandika hivi mwaka 1872, akaandika vile mwaka 1878, na bibi amesimulia hivi, na tarehe ya leo. Simu ileile ina kinasa sauti. Bibi aulizwe pia yeye alihadithiwa na nani.