Programu ya biashara: Ununue iliyo tayari au uagize ya kuundiwa?

MFANYABIASHARA anayeendesha duka la jumla, shule ya kibinafsi au chama cha ushirika hufika siku ambapo daftari na majedwali ya Excel hayamtoshi tena. Bidhaa zimetoka ghalani lakini hazionekani kwenye mauzo, wadeni hawajulikani ni wangapi, na karani wa mishahara hukesha ofisini kila mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo wauzaji wa programu za tarakilishi hubisha hodi. Mmoja humletea programu iliyokwisha kutengenezwa na inayotumiwa na maelfu ya kampuni nyingine. Mteja hulipia leseni na kuanza kazi baada ya siku chache. Mwingine humwahidi kumwandikia programu yake mwenyewe kuanzia mwanzo, itakayofuata desturi za biashara yake hatua kwa hatua.

Wengi huamua kwa kulinganisha bei mbili walizoandikiwa. Lakini bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si sehemu kubwa. Gharama yenyewe huja baadaye, siku ambayo sheria, ushuru au biashara inabadilika na programu inalazimika kubadilika nayo. La muhimu kujua ni nani atakayeibadilisha, kwa muda gani, na kwa fedha za nani.

Nchini Kenya jambo hili limejidhihirisha mara kadhaa katika miaka ya hivi karibuni. Mwezi wa Aprili 2020, serikali ilipunguza ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa sababu ya janga la Covid-19, kisha ikaurejesha kwa asilimia 16 Januari 1, 2021. Kila mashine ya risiti na kila programu ya mauzo ililazimika kurekebishwa mara mbili katika muda wa miezi tisa.

Mishahara ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Viwango vipya vya NSSF vilianza kutekelezwa Februari 2023, baada ya sheria yake ya 2013 kukwama mahakamani kwa miaka mingi, na vikapanda tena Februari 2024 na Februari 2025. Julai 2023 ikaja ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri. Mahakama Kuu iliiharamisha Novemba mwaka huo, makato yakasitishwa mwishoni mwa Januari 2024, kisha yakarudi kwa sheria mpya mwezi Machi.

Oktoba 2024, bima ya NHIF iliondoka na mahali pake pakachukuliwa na SHIF. Hapa haikubadilika tarakimu tu. NHIF ilikuwa na jedwali la viwango kuanzia Sh150 hadi Sh1,700, kila kiwango na kundi lake la mishahara. SHIF hutoza asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue Sh300 na bila ukomo wa juu. Mtengenezaji programu aliyekuwa ameliandika jedwali lile ndani ya programu hakuweza kusahihisha mstari mmoja na kwenda nyumbani; ilimbidi aandike hesabu upya.

Kabla hajapumua, sheria ya kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 iliagiza SHIF na ada ya nyumba ziondolewe kwenye mshahara kabla ya PAYE kukokotolewa. Mpangilio mzima wa hesabu ukageuka.

Waliokuwa na programu zilizo tayari, zenye wateja wengi nchini, walipokea marekebisho hayo kutoka kwa muuzaji, mara nyingi kama sehemu ya ada waliyokwisha kulipa. Kazi moja iligawanywa kwa maelfu ya wateja. Mwenye programu ya kuundiwa alimpigia simu mtu mmoja, akaomba, akangoja, akalipa peke yake.

Ushuru wa mauzo una hadithi iyo hiyo. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ilianzisha mfumo wa eTIMS mwaka wa 2023, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaweka kwamba kuanzia Januari 1, 2024, matumizi yasiyo na ankara ya mfumo huo hayatakubaliwa wakati wa kukadiria kodi ya mapato, isipokuwa yaliyosamehewa kisheria. Programu isiyoweza kuzungumza na mitambo ya KRA humtia hasarani mwenyewe na wanaonunua kwake pia. Wateja wenye kudai ankara huhamia kwa jirani.

Kwa hiyo katika hesabu za fedha, mishahara, ushuru na risiti, hoja ya kununua programu iliyo tayari ni nzito sana. Kazi hizi hufanana kila mahali kwa kuwa sheria ndiyo inayozipanga. Hakuna duka linalopata wateja zaidi kwa sababu linakokotoa PAYE kwa namna yake ya pekee.

Wazo hili si geni. Kampuni ya SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka wa 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Wakati huo kila kampuni kubwa ilikuwa ikiandikiwa programu yake ya uhasibu kuanzia mwanzo, nao wakaona kwamba kazi ni ile ile na inaweza kuandikwa mara moja ikauzwa kwa wengi.

Hata hivyo, biashara nyingine zina jambo ambalo halipatikani kwenye programu ya dukani, na jambo hilo ndilo linalowalisha. Chama cha ushirika cha maziwa ni mfano mzuri. Mkulima huleta maziwa asubuhi, yanapimwa kwa kilo na kukaguliwa, naye huchukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo kwenye duka la chama, hulipiwa daktari wa mifugo, huomba malipo ya mapema ya karo, kisha yote hukatwa kwenye malipo ya mwisho wa mwezi. Mkulima huyo ni muuzaji, mteja, mkopaji na mwenye hisa kwa wakati mmoja.

Programu ya kawaida ya uhasibu, iliyobuniwa kwa ajili ya duka, humtaka mtu awe ama mnunuzi ama muuzaji. Makarani hulazimika kumsajili mkulima mara tatu na kuunganisha hesabu zake kwa mkono. Makosa huanzia hapo, na malalamiko ya mkutano mkuu wa mwaka pia. Katika hali kama hii, fedha za kuundiwa sehemu ya mapokezi ya maziwa na malipo ya wakulima huwa zimetumika vyema.

M-Pesa yenyewe ilianzia kwenye programu ya kuundwa. Majaribio ya 2005 yalilenga kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu, lakini ikaonekana kwamba walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Hapakuwa na duka lililouza programu ya kazi hiyo, ndipo Vodafone ikaiagiza kutoka kwa kampuni ya Sagentia ya Uingereza, na huduma ikazinduliwa Machi 2007. Biashara nzima ilikuwa katika upekee huo.

Wanaoumia zaidi mara nyingi ni wale wanaonunua programu iliyo tayari kisha wakaikatakata hadi ifanane na mazoea yao. Maduka ya Lidl ya Ujerumani yalianza mwaka wa 2011 kuhamia kwenye mfumo wa SAP. Lidl ilizoea kuhesabu thamani ya bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo huo ulitumia bei ya kuuzia. Badala ya kubadili desturi, kampuni iliamua kuubadili mfumo. Mwaka wa 2018 mradi ulitupwa, baada ya takriban euro milioni 500 kutumika kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari vya Ujerumani.

Programu iliyofanyiwa marekebisho mengi huwa imepoteza faida za pande zote mbili. Muuzaji anapotoa toleo jipya, marekebisho ya mteja huvunjika, na fundi aliyeyafanya huitwa tena kwa malipo mapya. Heri sehemu ya pekee iandikwe kando na kuunganishwa na ile ya kawaida, jinsi wafanyabiashara wengi wanavyounganisha programu zao na M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji programu mwaka wa 2017. Zipo pia programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa umma, kama vile ERPNext na toleo la jamii la Odoo, ambazo fundi wa hapa nchini anaweza kuzijengea nyongeza bila kuomba ruhusa ughaibuni.

Programu iliyo tayari nayo ina miiba yake. Nyingi za kigeni hulipiwa kila mwezi kwa dola. Ada ya dola 100 iliyogharimu takriban Sh12,300 mwanzoni mwa 2023 ilipita Sh16,000 kufikia Januari 2024, ingawa huduma haikuongezeka hata chembe. Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huo, lakini bajeti za wengi zilikuwa zimekwisha kuvurugika. Isitoshe, mteja anayeacha kulipa anaweza kufungiwa nje ya rekodi zake mwenyewe.

Kwa anayeamua kuundiwa, hatari kubwa ni fundi kuondoka. Kijana aliyeandika programu hupata ajira kwingine au huhamia ng'ambo, na anayeachiwa kazi hufungua mafaili asijue pa kuanzia. Wengi hudhani kwamba kwa kulipa, tayari wanaimiliki programu. Kisheria hawajakosea sana. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo huziweka programu za tarakilishi katika kundi moja na riwaya na mashairi, humpa aliyeagiza kazi haki hiyo, isipokuwa mkataba useme vingine. Tatizo ni kwamba mikataba mingi husema vingine kwa maandishi madogo, na mingine haipo kabisa.

Isitoshe, haki ya karatasi haifungui programu. Kinachohitajika mkononi ni msimbo wenyewe, yaani maandishi asilia ya programu, pamoja na nywila za seva na maelezo ya jinsi kila sehemu inavyofanya kazi. Vitu hivi hukabidhiwa kila awamu ya kazi inapomalizika. Kungoja mwisho wa mradi ni hatari, kwani wakati huo pande mbili huenda hazisemezani.

Rekodi za wateja na wafanyakazi ni suala la peke yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kampuni inayoamua data ikusanywe kwa ajili gani hubaki na wajibu wa kuilinda, hata kama imehifadhiwa kwenye seva ya muuzaji aliye nchi nyingine.

Kabla ya kutia sahihi upande wowote, mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji mambo mawili ambayo hayana gharama. La kwanza ni kutoa rekodi zote kutoka kwenye programu ya majaribio na kuzifungua katika Excel, mbele ya macho yake. La pili ni kukokotoa mishahara ya mwezi uliopita, ya wafanyakazi halisi wa kampuni, na kuilinganisha na hati za malipo zilizokwisha kutolewa. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, muuzaji aeleze sababu kabla malipo ya kwanza hayajatoka.