WOSIA NI MUHIMU



Stieg Larsson alikuwa mwandishi wa habari huko Uswidi. Aliandika riwaya tatu za upelelezi. Mwaka 2004, kabla hazijachapishwa, alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 50. Vitabu vyake vilipotoka, mamilioni ya watu walivinunua.

Larsson aliishi na Eva Gabrielsson miaka mingi, lakini hawakufunga ndoa. Wala hakuacha wosia uliokubaliwa na sheria. Kwa hiyo mali yake na haki za vitabu zilikwenda kwa baba yake na mdogo wake.

Warithi hao waliridhia mwandishi mwingine, David Lagercrantz, aendeleze hadithi. Kitabu cha nne kilitoka mwaka 2015. Eva alikipinga, lakini hakuwa na haki ya kukizuia.

Je, wewe? Shamba lako na ng'ombe wako watabaki na nani? Usiseme, "Watajua wenyewe." Sasa unajua kusoma na kuandika. Andika wosia mbele ya mashahidi, kama sheria inavyotaka. Ukiwa na shaka, uliza katika mahakama ya mwanzo.