Bunduki gani ya kumpiga nyati? Kubwa kuliko zote siyo jibu



Kuna ubishi mmoja vijiweni hauishi: bunduki gani inamwangusha nyati? Mmoja atakwambia SMG inatosha. Mwingine atataja lile dude la mitutu miwili analokuja nalo mzungu. Halafu yupo yule mjuaji, yeye anataja namba kubwa kuliko zote aliyowahi kuiona na kufunga mjadala.

Nimeamua kuliandikia kwa lugha nyepesi kwa sababu siyo ubishi wa bure. Kila mwaka msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Julai, vijana kibao wa Bongo wanaingia porini kufanya kazi kwenye kambi za uwindaji: kusoma nyayo, kuchuna, kubeba, kuendesha gari. Bunduki anayochagua mgeni inawahusu kuliko wanavyodhani. Nitafika huko.

Jibu natoa mapema, maana najua dakika zinakimbia hapo kaunta: bunduki sahihi ya mnyama mkubwa ni ile ambayo mpigaji anaweza kuipiga bila kuiogopa, ilimradi kaliba isipungue .375 na risasi yake iwe ya kupenya. Hayo mambo matatu yanaenda pamoja. Likikosekana moja, mengine mawili hayakusaidii.

Tuwekane sawa pia: hili siyo darasa la ujangili. Tanzania silaha inamilikiwa kwa leseni, na uwindaji ni kwa kibali, kwenye vitalu vilivyotengwa, huku askari wa wanyamapori akishuhudia. Kenya wenyewe walishafunga uwindaji tangu 1977.

NAMBA HIZO MAANA YAKE NINI?

Kaliba ni upana wa risasi au wa tundu la mtutu. Wamarekani na Waingereza wanapima kwa inchi, Wajerumani kwa milimita. Kwa hiyo .375 ni inchi 0.375, yaani kama milimita 9.5. Namba .458 ni kama milimita 11.6. Na .30-06 ni risasi ya .30 iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Basi, hakuna uchawi.

Lakini upana peke yake hauelezi kitu. Angalia na uzito wa risasi na mwendo wake. Vikiunganishwa vinatoa nguvu, ambayo inapimwa kwa jouli. Hizi ni za makadirio, risasi ikitoka mtutuni:

- SMG, yaani AK-47: risasi ya gramu 8, kama jouli 2,000
- .30-06: gramu 11.7, kama jouli 3,900
- .375 H&H Magnum: gramu 19.4, kama jouli 5,700
- .458 Winchester Magnum: gramu 32.4, kama jouli 6,500
- .416 Rigby: gramu 26, kama jouli 6,800

Umeona? SMG haifiki hata nusu ya .375. Ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu wa kilo 70, siyo dume la nyati la kilo 700. Hapo ubishi wa SMG tumeumaliza. Na usisahau kwamba silaha za kufyatua mfululizo haziruhusiwi kabisa kwenye uwindaji wa kitalii nchini.

KWA NINI .375?

Hiyo .375 ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado ndiyo mstari wa chini kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo katika nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji, Tanzania ikiwemo.

Sababu yake iko kwenye mwili wa nyati. Ngozi nene, halafu misuli, halafu mfupa wa bega, ndipo moyo na mapafu. Tena moyo umekaa chini sana, usawa wa miguu ya mbele, siyo pale katikati ya mwili ambapo mgeni anapapenda. Risasi nyepesi inaweza kuishia begani. Nyati haanguki, anapata hasira. Risasi ya gramu 19 inafika ndani, na ina mwendo wa kutosha kwenda sawa hata mita 200 kama unawinda pofu au kongoni. Ndiyo maana watu wanaiita bunduki ya kazi zote.

Wajerumani nao walikuwa na yao, 9.3x62, iliyobuniwa na fundi wa Berlin aliyeitwa Otto Bock mwaka 1905, ikiwalenga walowezi na wawindaji wa makoloni yao Afrika. Sisi tukiwa mojawapo wakati huo! Ni bunduki nzuri sana, ila upana wake ni .366 tu, hivyo kwa mstari wa .375 inabaki nje kwa kitambo kidogo mno.

"LAKINI MBONA BELL ALIUA TEMBO KWA KIBUNDUKI KIDOGO?"

Hapa ndipo wajuaji wa intaneti wanapowaka. Kweli, Walter Bell, mtu wa Scotland aliyepewa jina la "Karamojo" kwa sababu ya kuwinda Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7.

Ila msimulizi anakata hadithi nusu. Bell alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi ukimwangalia mnyama kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu isiyopanuka. Aliwinda kila siku kama wewe unavyoenda shule, na alikuwa mlenga shabaha wa ajabu. Mgeni wa wiki mbili siyo Bell. Kwa hiyo Bell hathibitishi kwamba kaliba ndogo inatosha. Anathibitisha kwamba kulenga ndiyo kila kitu, na kwamba sheria imewekwa kwa ajili yetu sisi wengine.

RISASI YENYEWE NI NUSU YA MAJIBU

Watu wanabishana bunduki wanasahau kinachomgusa mnyama. Kuna aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni inayopanuka. Ikiingia, ncha inafunguka kama uyoga na kufanya jeraha pana. Nzuri kwa simba na kwa risasi ya kwanza ya nyati. Tatizo, za bei rahisi zinaweza kuvunjikavunjika kwenye mfupa. Mmarekani John Nosler alikutana na shida hiyo kwa mnyama mkubwa aina ya moose, akabuni risasi yenye ukuta katikati: mbele inapanuka, nyuma inabaki nzima. Akaanza kuiuza 1948. Baadaye, 1989, ikaja Barnes X ya shaba tupu bila risasi ya madini ndani.

Ya pili ni ngumu, haipanuki, inakwenda moja kwa moja. Hii ndiyo ya tembo, maana ubongo wake umezungukwa na mfupa mnene wenye vitundu kama sega la nyuki. Wengi wanaweka ya kupanuka kwanza kwa nyati, halafu ngumu zinafuata, kwa sababu nyati akishageuka kukimbia utampiga kwa nyuma, na hapo unahitaji kupenya mwili mzima.

Mfano wa jinsi namba ya kwenye boksi inavyoweza kukuangusha: .458 Winchester ilitoka 1956. Kwenye karatasi inatisha. Lakini ganda lake ni fupi, baruti ilishindiliwa sana, na baadhi ya risasi za miaka ile zilipoteza mwendo. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alirushwa na nyati huko Msumbiji akiwa na .458. Hakukaa kimya, akaja kubuni .458 Lott yenye ganda refu zaidi. Siku hizi risasi za .458 zimeboreshwa, lakini somo limebaki.

TEKE LA BUNDUKI

Sasa tuje kwa yule wa "kubwa kuliko zote". Bunduki ikipiga mbele inarudi nyuma. Teke la .375 ni kama mara mbili ya .30-06, na la .458 linakaribia mara tatu. Bunduki za .500 ndiyo usiseme.

Mtu akishapigwa teke mara mbili tatu, mwili unajifunza. Mara ya nne anafumba macho kabla hajafyatua, bega linakunjamana, mtutu unashuka. Risasi iliyotakiwa kwenye moyo inaingia tumboni. Na nyati aliyepigwa tumboni kwa .500 ni hatari kuliko ambaye hakupigwa kabisa.

Kuhusu umbo la bunduki sitakaa sana. Ipo ya kukoki kwa mkono, wengi wakipenda mtambo wa Mauser wa 1898, kwa sababu ndoana yake inaikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda litolewe, hivyo haikwami kirahisi ukiwa na presha. Ipo ya mitutu miwili, yenye risasi mbili za haraka bila kukoki. Tamu, ila mpya kutoka London inazidi bei ya Landcruiser.

ANAYELIPA NI NANI?

Nilisema nitafika huku. Mnyama akijeruhiwa, hakuna kusema "basi, tupate mwingine". Lazima afuatwe. Na anayetangulia kuinamia damu ni msoma nyayo, mara nyingi mkononi ana fimbo tu. Mwindaji bingwa yupo nyuma yake na bunduki, mgeni nyuma zaidi.

Mjomba wangu alifanya kazi hiyo misimu kadhaa, kampuni siitaji. Mgeni alikuja na .500 mpya inayong'aa, hakuwa ameipiga hata risasi 10 maishani. Nyati akapigwa tumboni. Walifuata damu tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Nyati alikuwa amezunguka, akawasubiri kwenye kichaka pembeni ya nyayo zake mwenyewe. Mjomba anachechemea mpaka leo. Mgeni alimaliza safari yake na picha akapiga.

Hivyo ewe kijana unayeenda kambini, siku ya kwanza mgeni anapojaribu bunduki kwenye shabaha, usiende kupiga stori jikoni. Simama uangalie:

1. Anafumba macho au anatulia baada ya kufyatua?
2. Risasi zake tatu zimekaa pamoja, au moja huku nyingine kule?
3. Anakoki tena haraka bila kuambiwa, au anageuka kukutazama usoni?
4. Bunduki imechakaa kwa kutumika, au imetoka kwenye boksi wiki iliyopita?

Ukiona mashaka, mwambie mwindaji bingwa kwa heshima, mapema, kabla hamjaingia majanini. Bingwa mwenye akili atamwazima mgeni .375 ya kambi au atamsogeza mpaka mita 40. Mgeni mwenye .375 anayoizoea namfuata porini bila wasiwasi. Mwenye .500 anayoiogopa, mimi nabaki kwenye gari.

Wadau mliowahi kufanya kazi vitaluni, mnasemaje? Nimeacha nini? Na yule wa SMG, bado unabisha?