Kwa Nini Udongo wa Kikima ni Mwekundu

Mtu apandaye Kikima, katika milima ya Mbooni, huona udongo mwekundu ukingoni mwa njia. Wekundu huo watokana na chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani. Ni ndugu wa kutu ya jembe lililoachwa mvuani.

Nuru ya jua huonekana nyeupe, lakini ndani yake mna rangi nyingi, kama upinde wa mvua ushuhudiavyo. Katika kila chembe ya chuma mna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Hizo humeza baadhi ya rangi za nuru, na zile zisizomezwa ndizo zirudizo machoni petu. Kutu humeza zaidi buluu na kijani. Basi hubaki wekundu.

Walakini madini yale yale hubadili rangi yakibadilishiwa jirani. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ni wa buluu kwa kuwa umeshikana na maji. Ukikaushwa kwa moto huwa mweupe, na ukitiwa maji buluu hurudi.

Jambo hili lamhusu mkulima. Udongo mwekundu ukituamiwa na maji siku nyingi, hewa hukosekana, chuma hupoteza oksijeni, na rangi hugeuka kijivu. Basi achimbaye shimo bondeni akakuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, na ajue kwamba mvua zikizidi mizizi hapo hukosa pumzi. Heri achimbe mfereji kabla ya kupanda kahawa, asije akalaumu miche bure.